Maiti Ana Lake la Kusema

Kijana mmoja wa polisi anaitwa usiku kwenda kukagua mahali palipokutwa matumbo yametupwa chini. Yu peke yake. Anafuata alama moja baada ya nyingine, mara anavamiwa kwa nyuma, anazibwa pua kwa kitambaa chenye dawa ya kulevya, na fahamu zinampotea. Anapozinduka yumo sandukuni. Sanduku lenyewe ni la plastiki ngumu ing'aayo kama kioo, na nje ya kioo hicho hakuna taa wala nyota, ila udongo mtupu. Amezikwa hai. Pembeni mwake amewekewa bastola, vijiti vya kutoa mwanga, na kinasa sauti chenye ujumbe wa huyo aliyemzika.

Hivyo ndivyo kianzavyo kisa kiitwacho "Grave Danger", kilichoonyeshwa mara ya kwanza huko Marekani tarehe 19 Mei 2005. Ni kisa cha kufungia msimu wa tano wa mchezo wa televisheni ujulikanao kwa herufi tatu, CSI, ulioanza mwezi wa Oktoba 2000 na kumalizika 2015. Mchezo huo unahusu kundi la wataalamu wa polisi wa Las Vegas ambao kazi yao si kukimbizana na majambazi kwa magari, bali kuokota unywele, tone la damu, ufito wa uzi na bawa la nzi, kisha kuviuliza vitu hivyo bubu: nani alikuwa hapa? Kisa hiki cha sanduku kiliongozwa na Quentin Tarantino, mtu wa sinema kubwa kubwa, aliyeingia kwenye televisheni kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiupenda mchezo huo.

Ukatili wa kisa uko hivi, msomaji. Wenzake Nick Stokes, maana hilo ndilo jina la kijana aliyezikwa, wamepelekewa njia ya kumtazama katika kompyuta. Lakini kila wakibonyeza wapate kumwona, taa huwaka sandukuni, na taa ikiwaka, feni inayompelekea hewa husimama. Hamu yao ya kumwona ndiyo inayomkaba roho. Pesa za fidia zinatafutwa, dola milioni moja, na mkuu wao Gil Grissom anazipeleka mwenyewe. Anamkuta mzee mmoja aitwaye Walter Gordon, ambaye hazitaki hizo pesa. Anataka Grissom aonje machungu ya kukaa mikono mitupu huku umpendaye anapotea. Akiisha kusema lake, anajilipua, na siri ya kaburi inakwenda naye.

Na kwa nini mzee huyo akafanya hivyo? Kwa sababu binti yake yumo gerezani. Alifungwa kwa ushahidi wa wataalamu hao hao: alama ya mwili wake iliyopatikana mahali palipouawa mtu. Baba aliamini mwanawe hana hatia. Basi akaona na wao wazikiwe wao, kama alivyozikiwa yeye.

NCHI YA MACHIMBO

Kisa hiki nilikitazama Macalder, na sidhani kama kuna mahali pengine panapofaa zaidi kukitazamia. Kwa asiyepajua, Macalder ni mji mdogo wa Nyatike, katika kaunti ya Migori, karibu na Ziwa Viktoria na mpaka wa Tanzania. Tangu miaka ya 1930 hadi 1966 palikuwa na mgodi mkubwa hapo, uliotoa shaba, dhahabu na fedha. Mgodi ulifungwa, lakini dhahabu haikwisha, wala haja ya watu haikwisha. Wachimbaji wadogo wakaingia kwa sururu, nyundo na kamba, na mpaka leo vijana huteremka katika mashimo membamba yaliyoegemezwa magogo, wakitafuta mshipa wa dhahabu ndani ya mwamba.

Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali jamaa yangu mmoja aliyehamia huko kwa biashara ya nguo. Baada ya sala ya Isha vijana wa jirani walitukaribisha katika banda la video: mabati juu, mabenchi ya mbao chini, na mtu mmoja mwenye kipaza sauti anayewafasiria watazamaji mambo kwa Kiswahili na Kijaluo, akitia chumvi pale anapoona mchezo umepoa. Usiku ule hakuwa na haja ya chumvi. Nick alipoanza kupiga ngumi kifuniko cha sanduku, banda zima lilinyamaza kimya. Jirani yangu, mchimbaji ambaye vumbi la mawe lilikuwa bado limo nyusini, aliniinamia akaniambia: "Jaduong', huyu ana bahati. Yeye amewekewa feni."

Baadaye, pale askari wote wa mji wanapotoka na taa na magari kumtafuta mtu mmoja tu, aliniambia tena: "Na ona vile wanamtafuta. Sisi mtu akifukiwa, wa kumtafuta ni wale walikuwa naye shimoni."

Maneno hayo mawili yana uhakiki mzuri kuliko mwingi nilioupata kusoma magazetini. Kwani mchezo wa CSI, ukiuvua nguo zake za maabara na miwani ya rangi, ni ndoto ya nchi iliyo na pesa za kumtafuta kila mtu wake. Unampa mtazamaji ahadi moja tamu: kwamba hakuna afaye bure, kwamba hata ukizikwa usipojulikana, yupo mtu atakayekesha akikutafuta kwa darubini. Mtu wa Macalder anaitazama ahadi hiyo kama atazamavyo bahari ambaye hajui kuogelea.

Kuna na jambo jingine pale Macalder ambalo kamera ya Marekani isingelijua kulionyesha. Mawe yakishasagwa, wachimbaji huyachanganya na zebaki, kwani zebaki huishika dhahabu na kuitenga na mchanga. Kisha huichoma motoni ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Ile iliyopaa huvutwa na pua za watu, ikaingia kwenye neva na figo. Iliyomwagika hushuka mtoni, ikafika ziwani na kwenye samaki. Wajapani waliyajua madhara ya zebaki ndani ya samaki katika mji wa Minamata, ambako maradhi hayo yalitambuliwa rasmi mwaka 1956, na ndio maana mkataba wa dunia wa kuipunguza zebaki, uliotiwa sahihi 2013, unaitwa kwa jina la mji huo. Unywele wa mtu huiandika zebaki kadiri unavyokua, na maabara inaweza kuisoma. Lakini mtu akifa polepole, hapana kengele ilialo polisi wala Grissom ajaye na mkoba wake.

KANZU YA YUSUF

Watu wengi hudhani elimu hii ya kuuliza vitu bubu imezuliwa na Wazungu juzi juzi. Sisi tuliokaa chini ya mwalimu na juzuu mapajani tunajua kisa cha zamani zaidi. Ndugu zake Nabii Yusuf walimtupa kisimani, kisha wakamletea baba yao kanzu yenye damu ya uongo, wakisema mbwa mwitu amemla. Wafasiri wanatuhadithia kuwa Nabii Yaakub aliitazama kanzu, akaona damu ipo lakini kanzu haikuraruka mahali. Mbwa mwitu gani huyo mpole, amlaye mtu asimchane nguo yake? Huko ndiko kupekua mahali pa tukio.

Na katika kisa hicho hicho, Yusuf alipokuwa kijana Misri na kusingiziwa na mke wa bwana wake, shahidi alitoa kanuni moja iliyo wazi. Kanzu ikiwa imeraruka mbele, basi mwanamke amesema kweli. Ikiwa imeraruka nyuma, basi kijana alikuwa akikimbia na mwanamke ndiye mwongo. Kanzu ikatazamwa. Imeraruka nyuma. Kesi ikaisha.

Na wapo wengine waliofuata njia hiyo. Katika zama za Mtume, swala na salamu zimshukie, alikuwako mtu aitwaye Mujazziz, wa kabila la Mudlij, hodari wa kutambua nasaba kwa kutazama viungo. Watu walikuwa wakinong'ona juu ya Zaid na mwanawe Usama, kwa kuwa baba alikuwa mweupe na mtoto mweusi. Mujazziz akawakuta wawili hao wamelala wamejifunika nyuso, miguu ipo wazi, naye bila ya kuwajua akasema kuwa miguu hii imetokana hii na hii. Mtume akafurahi furaha iliyoonekana usoni mwake. Na huko Uchina, mwaka 1247, hakimu Song Ci aliandika kitabu cha kuchunguza vifo, na ndani yake mna kisa cha mtu aliyeuawa kwa mundu shambani. Wanakijiji wote waliamriwa waweke miundu yao chini. Nzi wakautua mundu mmoja tu, kwa harufu ya damu isiyoonekana kwa jicho, na mwenye mundu akakiri.

Kwa hivyo Grissom anapowatazama chungu wa moto wanaomuuma Nick sandukuni, akajua kwa jinsi yao kuwa wanaishi kwenye udongo wa kitalu cha miche, na kwa kuwajua akalijua kaburi liko wapi, anafuata njia ya Song Ci na nzi wake. Hapo mchezo umesema kweli, na kwa uzuri.

ALAMA ZA VIDOLE

Pale unapodanganya ni kwenye saa. Katika televisheni, tone la damu huingizwa mashineni, nyimbo ikapigwa, na kabla ya tangazo la sabuni jina la mtu na picha yake vimetoka. Elimu ya vinasaba, yaani DNA, haiendi hivyo. Iligunduliwa Septemba 1984 na Alec Jeffreys wa chuo kikuu cha Leicester, Uingereza, na kazi yake ya kwanza kubwa katika jinai, kabla ya kumtia mtu hatiani, ilikuwa ni kumwokoa mtu. Kijana mmoja alikuwa amekwisha kukiri kuua msichana, na kipimo kikaonyesha siye. Muuaji wa kweli alihukumiwa baadaye, mwaka 1988. Nataka tulishike jambo hilo: elimu hii ilizaliwa ikimtetea asiye na hatia.

Lakini elimu iko mikononi mwa watu, na watu ni watu. Hata historia yake ina dhuluma zake ndogo. Alama za vidole zilipangwa kwa mafungu yanayowezekana kutafutwa katika ofisi ya polisi ya Calcutta, India, mwishoni mwa karne ya 19. Hesabu za mpango huo zilifanywa sana na afisa Mwislamu wa Bengal, Qazi Azizul Haque, pamoja na mwenzake Hem Chandra Bose. Dunia ikauita mpango huo kwa jina la mkubwa wao Mwingereza, Edward Henry, na mpaka leo ndilo jina lake.

Na kuna dhuluma kubwa. Tarehe 11 Machi 2004 treni za Madrid, Hispania, zililipuliwa kwa mabomu, wakafa watu zaidi ya 190. Alama ya kidole ilipatikana kwenye mfuko, ikapelekwa Marekani, na wataalamu wa FBI wakasema ni ya Brandon Mayfield, wakili wa Oregon aliyesilimu na kuoa Mwislamu. Polisi wa Hispania walisema mapema kuwa wana shaka, Wamarekani wakashikilia. Mayfield alikaa kizuizini wiki mbili, mpaka Wahispania walipompata mwenye kidole chake, raia wa Algeria. FBI iliomba radhi, na mwaka 2006 serikali ikamlipa dola milioni mbili. Miaka mitatu baadaye, baraza la wanasayansi wa Marekani lilitoa ripoti likisema kuwa, ukiondoa vinasaba, njia nyingi za uchunguzi zinazotegemewa mahakamani hazijathibitishwa vya kutosha.

Hapa ndipo ninapolirudia lile la mzee Gordon. Kisa cha "Grave Danger" kimeuliza swali zito: je, na yule ambaye ushahidi umemfunga, na baba yake nyumbani anajua moyoni kuwa sivyo? Swali limeulizwa vizuri, kisha limeachwa. Mzee amekwisha kujilipua, hivyo hatulazimiki tena kumsikiliza. Nick anapookolewa anakwenda gerezani kumzungumza yule binti kwa upole, na mambo yanaishia hapo. Mtunzi aliyekuwa na ujasiri zaidi angelifungua tena faili la binti. Huo ndio upungufu mkubwa wa kisa hiki, na ni mkubwa kuliko kasoro za saa na mashine.

KUKATWA NA KURARUKA

Tuyatazame na yetu. Mwezi wa Septemba 1988 mgeni mmoja wa Kiingereza, Julie Ward, aliuawa katika mbuga ya Maasai Mara. Mabaki ya mwili wake yalipopatikana, ikasemwa ameliwa na wanyama. Daktari aliyeyapima aliandika kuwa mfupa umekatwa kwa kitu chenye makali. Ripoti yake ikabadilishwa: pale palipoandikwa kukatwa, pakaandikwa kuraruliwa. Baba yake hakukubali, akatumia miaka na mali yake kuthibitisha kuwa mwanawe aliuawa. Msomaji aangalie, basi, jinsi mambo yanavyojirudia. Nabii Yaakub aliambiwa mwanawe ameliwa na mnyama, naye akatazama mpasuko. Mzee wa Kiingereza aliambiwa vivyo hivyo, naye akatazama mpasuko. Tofauti ya kukatwa na kuraruka ni neno moja, na ndani ya neno hilo mna muuaji mzima.

Mwaka 1990, mwezi wa Februari, waziri wa mambo ya nje, Robert Ouko, alitoweka nyumbani kwake Koru, huko huko Nyanza. Mwili wake ukaonekana tarehe 16 kwenye kilima cha Got Alila, umeungua, na risasi imepita kichwani. Palikuwa na waliosema amejiua. Wapelelezi wa Scotland Yard walioletwa, wakiongozwa na John Troon, walisema ameuawa. Tume ya Jaji Gicheru ikaundwa, ikasikiliza mashahidi, kisha ikavunjwa Novemba 1991 kabla ya kumaliza. Mpaka leo hapana mtu aliyepatikana na hatia. Jambo moja katika ushahidi wa tume hiyo halinitoki. Kijana mchungaji alisema yeye aliuona mwili ule siku chache kabla ya polisi, lakini aliogopa kusema. Wataalamu walitoka London, na aliyeona mwanzo alikuwa pale pale na fimbo yake, amenyamaza.

Karibu zaidi na Macalder kuna la 2018. Mwezi wa Septemba mwaka huo mwanafunzi wa kike wa chuo kikuu cha Rongo, kaunti ya Migori, mja mzito wa miezi saba, alikutwa ameuawa katika msitu wa Kodera, kaunti ya Homa Bay. Vinasaba vikapimwa, ikaonekana kwamba mtoto wa tumboni alikuwa wa gavana wa Migori wa wakati ule. Gavana alishtakiwa, naye akakana kuhusika na mauaji. Hukumu ni ya mahakama, si ya ukurasa huu. Ninalolitaka mimi ni somo lake: kipimo kilijibu kwa uhakika swali la nani baba. Swali la mkono wa nani uliua halimo ndani ya kipimo hicho hata chembe. Watu wengi barabarani, waliolelewa na televisheni, walidhani majibu hayo mawili ni jibu moja. Kanzu ya Yusuf ilisema upande ulioraruka, haikusema zaidi. Kazi ya kuunganisha ni ya akili ya watu na uadilifu wao.

Na kwetu pwani kuna Shakahola. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu huo wa kaunti ya Kilifi, yalifukuliwa makaburi ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, waliodaiwa kufundishwa wafunge mpaka wafe. Miili zaidi ya 400 ilitolewa, watoto wakiwa wengi. Madaktari, chini ya mpasuaji maiti mkuu wa serikali, Johansen Oduor, walikuta kuwa wengi walikufa kwa njaa, lakini wengine, na watoto wamo, walikuwa na dalili za kunyongwa, kukosweshwa pumzi na kupigwa. Bila ya upasuaji, wote wangeliandikwa kuwa walifunga. Jamaa walitoa mate na damu ili vinasaba vilinganishwe, wakasubiri. Familia ya kwanza ilikabidhiwa maiti zake Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Huo ndio muda wa kweli, si ule wa kabla ya tangazo la sabuni.

Si kwamba nchi imelala tu. Bunge lilipitisha sheria ya huduma ya kitaifa ya uchunguzi wa vifo mwaka 2017, na mwezi wa Juni 2022 maabara kubwa ya uchunguzi wa jinai ilifunguliwa makao makuu ya wapelelezi, Barabara ya Kiambu, Nairobi. Lakini sheria kuandikwa ni jambo moja na kusimama ni jambo jingine. Msiba wa Shakahola ulipozuka, huduma hiyo ya 2017 ilikuwa bado iko kwenye karatasi. Na maabara iliyoko Nairobi haina faida kwa tone la damu lililokwisha kukanyagwa na umati Nyatike, au lililokwisha kuoshwa Lamu.

AIBU YA MAITI

Neno hilo la kuoshwa ndilo linalotuhusu sisi hasa. Wahenga walisema, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Dini imemfundisha mwosha asitiri. Kilema, kovu, uso uliobadilika, yote huyafunika kama afunikavyo mwili kwa shuka. Nalo ni jambo tukufu. Lakini mwosha ndiye pia mtu wa mwisho kuuona mwili mzima, mbele na nyuma, kabla ya sanda. Yeye ndiye Grissom wetu, apende asipende, na mikononi mwake mna maji, mkunazi na kafuri, vitu vinavyofuta kila alama.

Nilipata kumuuliza bibi mmoja mwosha wa Mji wa Kale, Mombasa, mtu mzima aliyewahifadhi wengi.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi naosha huu mwaka wa arubaini. Nimeona ya kuonekana. Tulifundishwa, ulichokiona kwa maiti kifukie naye."

"Hata ikiwa ni alama ya kamba shingoni, mama?"

Alikaa kimya kitambo, akiukunjakunja upindo wa leso yake. Kisha akasema: "Hiyo si aibu ya maiti. Hiyo ni aibu ya aliyemuua."

Sijapata kusikia fatwa fupi kuliko hiyo. Na wanazuoni nao wamefika hapo hapo kwa njia ndefu zaidi. Tunajua hadithi isemayo kwamba kumvunja maiti mfupa ni kama kumvunja angali hai, na kwa ajili hiyo watu wetu wengi hukimbilia kumchukua maiti hospitali kabla daktari hajamgusa. Heshima hiyo ni haki. Lakini baraza la fiqhi la Rabita, Makka, katika kikao chake cha 1987, liliruhusu upasuaji wa maiti panapokuwa na shaka ya jinai, kwa kadiri ya haja na bila ya kupita mpaka. Maana maiti ana haki ya kusitiriwa, na ana haki ya damu yake isipotee.

Tazama yaliyomfika Yasser Arafat. Alifariki Ufaransa Novemba 2004, akazikwa Ramallah bila ya kupasuliwa. Maneno ya sumu hayakukoma. Miaka minane baadaye, Novemba 2012, kaburi likafukuliwa, vipande vikachukuliwa na wataalamu wa Uswisi, Ufaransa na Urusi. Waswisi wakaona dalili za sumu ya poloniamu, Wafaransa na Warusi wakakataa kuwa ndiyo sababu. Mifupa ilikuwa imekwisha kuzeeka kwa swali hilo. Lililoepukwa kwa saa chache likaja kufanywa kwa udhia mkubwa zaidi, na jibu lisipatikane.

Basi kwa mwenye maiti ambaye kifo chake kina shaka, adabu zake ni chache. Habari ifike polisi kabla ya maji kuteka. Nguo zisioshwe wala zisitolewe sadaka. Ziachwe zikauke, ziwekwe katika mfuko wa karatasi, kwani plastiki huivundisha damu. Jamaa mmoja, au daktari mnayemwamini, aombe awepo wakati wa upasuaji. Iombwe ifanywe mapema, na kwa heshima; ikifanywa asubuhi, maiti anaweza kusaliwa adhuhuri. Na mwosha akiona lisilo la kawaida, asimwambie jirani wala shoga yake. Amwambie wasii wa maiti, na wasii asilifukie.

Kisa cha "Grave Danger" basi kitazameni, lakini mtazame pamoja na vijana wenu, muwaambie ni kipi kweli na kipi mapambo. Chungu ni kweli. Ukimya wa sandukuni ni kweli. Upendo wa wenzake Nick ni kweli, na ndio uliowashika roho wachimbaji wa Macalder. Mashine iimbayo ikatoa jina ni uongo. Na uongo mkubwa kuliko wote ni ule usemao kwamba vitu bubu vitasema vyenyewe hata watu wakinyamaza. Shuhuda wa kanzu ya Yusuf hakuwa rafiki yake Yusuf, wala hakutoka mbali na mkoba. Alikuwa ni mtu wa nyumba ile ile ya mwanamke aliyesingizia, jamaa yake wa damu. Alijua kanzu ikitazamwa huenda ikamfedhehesha wa kwao, na bado akasema: itazameni.